Mwaka Mpya wa Kichina na Ramadhani wiki moja: mgeni afanyeje mchana?

Mhariri na wasomaji wenzetu, salamu.

Tunaandika sisi tunaowapokea wanafunzi wapya kutoka Afrika Mashariki mjini Zhengzhou, mkoani Henan. Mwaka 2027 Mwaka Mpya wa Kichina ni Jumamosi, 6 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza tarehe 8 au 9, mwezi ukiandama. Kalenda zote mbili hufuata mwezi, kwa hiyo mwaka 2028 zitakaribiana tena, mwishoni mwa Januari. Wanafunzi Waislamu walioalikwa vijijini na wenzao wa darasani wanatuuliza: waende au wabaki bwenini? Sisi tunataka waende. Bweni siku hizo huwa kimya, maduka mengi ya chakula hufungwa, na hakuna darasa la Kichina linalofundisha kama siku tatu jikoni kwa mama mwenye nyumba.

Mengine tumeshayapanga. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na pasipoti ihakikiwe mapema kwenye 12306, programu ya kukatia tiketi za treni, la sivyo siku yenyewe mtu anahangaika na uhakiki huku viti vinakwisha. Anayelala nyumbani kwa mtu huandikishwa polisi ndani ya saa 24. Aende na mwenyeji wake, maana faini yaweza kufika yuan 2,000. Zawadi iwe chai, kahawa au korosho za nyumbani, pakiti mbili mbili, kwenye karatasi nyekundu. Saa ya ukutani asipeleke kabisa: kwa Kichina, kumpa mtu saa husikika sawa na kumsindikiza kaburini. Bahasha nyekundu za watoto ziwe na noti mpya, kiasi kisicho na 4.

Chakula ndipo pengi huharibikia. Mwanafunzi husema "sili nguruwe", mwenyeji akaondoa vipande vya nyama, kisha mboga akazikaanga kwa mafuta yaleyale ya nguruwe na kuzinyunyizia mvinyo wa kupikia. Hakukusudia ubaya; aliambiwa nyama tu. Neno linalomaliza maelezo ni qingzhen, yaani chakula cha Waislamu, na Henan ina Wahui wengi, Waislamu wa Kichina, kwa hiyo watu wanalielewa. Mkesha wa Mwaka Mpya familia hukaa pamoja kukunja jiaozi, vipande vya unga vyenye ujazo ndani. Waombe sehemu ya kujazwa mayai na majani ya jiucai, jamii ya kitunguu, nazo zichemshwe kwanza, sufuria ikiwa safi, kabla ya zile za nguruwe. Usiku wa siku ya 15 ya mwaka mpya kuna tangyuan, vidonge vya unga wa mchele wa kunata: ujazo wa ufuta mweusi, kwa mapishi ya kale, huchanganywa na mafuta ya nguruwe, basi wasome pakiti. Pombe haina taabu kubwa. Mgeni huinua kikombe cha chai na kusema yi cha dai jiu, chai badala ya pombe, ukingo wa kikombe chake ukiwa chini ya ule wa mzee.

Kinachotutatiza ni mchana. Ziara za jamaa huko vijijini ni shughuli ya chakula cha mchana: tarehe 6 upande wa baba, tarehe 7 kwao mama, siku zinazofuata mashangazi na wajomba. Jua huzama Henan wakati huo kama saa 12 jioni, kwa hiyo futari na chakula cha usiku vinakutana vizuri. Lakini saa 6 mchana meza imejaa, bibi anamtilia mgeni vipande bakulini kwa vijiti vyake, na bakuli lisiloguswa linamwambia bibi kwamba mapishi yake hayakupendwa. Kichina cha miezi mitano hakitoshi kueleza saumu hapo hapo.

Tumefikiria wafike tarehe 4 na kuondoka tarehe 7 jioni. Saumu inasalimika, ila wanazikosa ziara zilizobaki. Tumefikiria pia ruhusa ya msafiri, yaani wale mchana kisha walipe saumu baadaye. Wengi wao ni Mashafii, na anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ile ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo haimhusu tena. Tunaegemea njia ya tatu: wakae mezani wamefunga, jamaa wakiwa wameshaelezwa, na fungu lao liwekwe mpaka magharibi. Tunachohofia ni karamu nzima kugeuka mazungumzo ya mgeni asiyekula.

Mliokaa China, Malaysia au Singapore, tusaidieni. Nani amweleze bibi: mwanafunzi mwenyewe au mwenzake wa Kichina, na iwe kwa simu kabla ya safari au siku ya kufika? Mgeni aliyefunga apewe kazi gani mezani, kumimina chai au kushika watoto, ili asikae kama mtazamaji? Na masheikh wetu: akilala siku mbili kijiji kimoja na tatu kijiji kingine, hesabu ya siku nne inaanza upya?

Tiketi za kwenda tarehe 4 zitafunguliwa karibu na 21 Januari. Tungeshukuru kupata majibu kabla ya hapo.

Wapokea wageni, Zhengzhou