Mlango Ukishafungwa, Tunaonyeshwa Mbwa

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu wa vipindi vya televisheni ameisifu mno makala ile ya BBC ya 2007 iliyofuatana na Malkia Elizabeth II katika shughuli zake za mwaka mzima. Kwa maelezo yake, mtu akishaitazama ameielewa kazi ya umalkia. Nami nimeitazama, tena zaidi ya mara moja, na kazi hiyo sikuiona. Nilichoona ni mikono ikishikwa.

Sidharau kushikana mikono. Sherehe ya kutunuku nishani katika kasri la Buckingham, enzi za Malkia huyo, ilikuwa na ufundi wake. Aitwaye husogea, huinama kidogo, na nishani hutundikwa kwenye kindoano alichokwisha kubandikwa kifuani kabla hajaingia ukumbini, ili Malkia asihangaike na pini. Anayepewa hadhi ya kuitwa “Sir” hupiga goti, akaguswa mabegani kwa upanga uliokuwa wa George VI, baba yake Malkia. Yatasemwa maneno mawili matatu, kisha Malkia atanyoosha mkono, na mkono ule si wa karibu, ni wa kwaheri. Huyu anaondoka, mwingine anaitwa. Kusimama hivyo ukiwa na miaka themanini na ushee, na kumtabasamia wa mwisho kama ulivyomtabasamia wa kwanza, si mchezo.

Ila huo ni uso wa kazi tu. Walter Bagehot, mwandishi ambaye Waingereza hawachoki kumnukuu wakizungumzia katiba yao, aliandika mwaka 1867 kwamba mfalme ana haki tatu: kuombwa ushauri, kutia moyo na kuonya. Sasa haki hizo hutumika wapi? Hutumika katika mazungumzo ya kila wiki kati ya mfalme na waziri mkuu. Elizabeth alizungumza hivyo na mawaziri wakuu wa Uingereza kuanzia Winston Churchill, na aliyemteua mwisho, Liz Truss, alikuwa wa kumi na tano. Hakuna katibu anayekaa nao, wala hakuna anayeandika lolote. Makala za namna hii hutufikisha hadi kizingitini: gari linasimama, waziri mkuu anaingia, anainamisha kichwa, tunasikia salamu, mlango unafungwa. Halafu? Muziki, na mbwa wa Malkia.

Ndivyo ilivyo pia kwa visanduku vyekundu vya nyaraka za serikali, vilivyomfuata Malkia hata akiwa mapumzikoni katika kasri lake la Balmoral, Scotland. Tunaonyeshwa ngozi nyekundu, kufuli, kalamu. Karatasi hatuzioni, na sidai tuzione, maana ni siri za serikali. Lakini msimulizi ana mdomo. Kitu gani kilimzuia kutueleza ni karatasi za aina gani, na sahihi ile inabadilisha nini?

Chukua mfano wa kilichoitwa ridhaa ya Malkia (sasa ni ya Mfalme). Isichanganywe na idhini ya mwisho ya kufanya muswada kuwa sheria, ambayo mara ya mwisho kunyimwa ilikuwa 1708, enzi za Malkia Anne. Ridhaa hii huombwa mapema, muswada ukiwa bado bungeni, pale unapogusa madaraka au mali binafsi za mfalme. Mwaka 2021 gazeti la The Guardian liliripoti kwamba miswada zaidi ya 1,000 ilipitishwa mbele ya Malkia au mwanawe Charles kwa utaratibu huo, na kwamba mwaka 1973 mawakili wa Malkia walishinikiza muswada mmoja ubadilishwe ili utajiri wake usijulikane. Kasri lilijibu kuwa ridhaa hiyo ni utaratibu tu na kwamba hutolewa kila serikali inapoiomba. Sawa, tuwasikie wote wawili. Lakini makala inayojinasibu kwa neno “kazi” ingepaswa kuligusa jambo hili, japo kwa dakika tatu.

Mchambuzi wenu amekumbushia pia kashfa ya kionjo cha makala hiyo, na hapo yuko sahihi, ila ameipita mbio. Julai 2007 waandishi wa habari walionyeshwa kionjo ambamo mpiga picha Annie Leibovitz anamshauri Malkia avue taji, na mara Malkia anaonekana akitembea kwa hasira kwenye ukumbi mrefu, akilalamika kwamba amechoka na mavazi hayo. Kila mtu akaamini kwamba amesusa. Kumbe mpangilio wa picha umegeuzwa: pale alikuwa anakwenda kupigwa picha, hajatoka. BBC iliomba radhi, na Oktoba mwaka huohuo Peter Fincham, mkuu wa chaneli ya BBC One, akajiuzulu.

Nami nakiri kwamba kipande hicho cha ukumbini ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mama wa miaka themanini, amevalishwa joho zito la buluu, mtu nyuma yake amemshikia pindo, naye ananung’unikia sare kama anung’unikavyo mfanyakazi yeyote aliyeamka vibaya. Ndipo mahali pekee nilipoamini kwamba yuko kazini.

Wapo watakaosema ufalme huishi kwa siri, na ukianikwa juani unachakaa. Inasimuliwa kwamba hata mtangazaji David Attenborough aliwaonya hivyo watengenezaji wa filamu ya familia ya kifalme ya 1969: chifu akichunguliwa ndani ya kibanda chake, uchifu umekwisha. (Mfano wenyewe wa kibanda unatuhusu sisi Waafrika kwa namna ambayo nadhani hakuifikiria.) Filamu ile, ambamo Prince Philip, mume wa Malkia, anachoma nyama huko Balmoral, ilitazamwa na mamilioni, kisha kasri likaifungia kabatini kwa miongo. Hata hivyo, walichokiona watazamaji siku ile ni nyama na saladi. Siri za serikali hazikuanikwa, na ufalme haukufa.

Basi ombi langu kwa mchambuzi wenu ni dogo. Siku itakapotoka nyingine ya Charles III, atuandikie pia kamera iliambiwa iishie wapi, na ni nani aliyeiambia. Na kwa watengenezaji, kama barua hii itawafikia: waziri mkuu akishaingia, iacheni kamera pale pale mbele ya mlango uliofungwa, dakika nzima, bila muziki, tusikie saa ya ukutani.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi