Ziara ya nyuma ya pazia Disney World si mlango wa nyuma

"Nasikia kuna mlango wa nyuma." Hivyo ndivyo wateja wengi wanavyoanza wakifika ofisini kwetu Old Kampala kuulizia safari ya Disney World, kule Florida. Wamesikia kuna ziara ya kulipia inayompitisha mgeni nyuma ya pazia, na kwa sisi tuliozeeka kwenye foleni za benki na zahanati, neno "nyuma" lina maana moja tu: kuwapita wenzako.

Sivyo. Ziara yenyewe inaitwa Keys to the Kingdom, na si kibali cha kuruka foleni za bembea. Ni saa tano hivi za kutembea kwa miguu, mkimfuata mwongozaji na kumsikiliza. Chakula cha mchana kimo ndani ya bei. Tiketi ya kuingilia Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney World ambamo ziara hufanyika, haimo, hiyo unainunua kando. Hapo mteja hunikazia macho: "Yaani nalipa mara mbili?" Ndiyo, mama, unalipa mara mbili. Afadhali tukosane leo hapa mezani kuliko unipigie simu kutoka Orlando usiku wa manane.

Sasa, unachokilipia ni nini? Chukua kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Wageni wameketi kwenye mahema, kanzu zimepigwa pasi, gomesi zinang'aa. Nyuma ya nyumba kuna akina mama ambao hawajalala tangu jana. Wamemenya matoke, wameyafunga kwenye majani ya mgomba, macho yamewaiva kwa moshi. Kuna mgeni anayetulia hemani mpaka sahani imfikie. Na kuna yule ambaye asipozunguka nyuma kuona masufuria, chakula hakimshuki. Ziara hii ni ya huyo wa pili.

Nyuma ya nyumba ya Magic Kingdom ni njia za chini kwa chini, ingawa hilo neno "chini" lina utani wake. Florida ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Kwa hiyo wajenzi walizijenga njia hizo juu ya ardhi ya kawaida, wakazifukia kwa udongo uliotoka walipochimba ziwa lililo mbele ya bustani, kisha bustani yenyewe wakaipandisha juu yake. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na tangu siku hiyo mamilioni ya watu wametembea ghorofa ya kwanza wakidhani wanakanyaga ardhi.

Sababu ya gharama yote hiyo husimuliwa hivi: Walt Disney, katika bustani yake ya kwanza kule California, alimwona mfanyakazi aliyevaa mavazi ya mchunga ng'ombe wa zamani akikatiza eneo lililojengwa kuonyesha dunia ya kesho. Ilimkera. Florida hilo halitokei, kwa kuwa wafanyakazi hupita chini na kuibukia pale pale wanapotakiwa. Chini huko pia yamepita mabomba yanayofyonza takataka kwa nguvu ya hewa, ufundi uliotoka Uswidi, ili pasiwe na toroli la uchafu linalokatiza mbele ya mgeni. Mtu anayefunga duka soko la Owino jioni, akaona kinachobaki njiani, nadhani hayo mabomba yatamkaa moyoni kuliko ngome ya Cinderella. Mimi yalinikaa.

Kipande ninachokipenda zaidi hakiko hata chini. Kwenye madirisha ya barabara kuu ya ndani ya bustani yameandikwa majina, kama ya wenye maduka. Mojawapo ni M. T. Lott. Ukilitamka haraka kwa Kiingereza unasikia "kiwanja kitupu". Lilikuwa jina la kampuni moja kati ya zile Disney alizozitumia miaka ya 1960 kununua ardhi kimya kimya, ekari 27,000 hivi, bila wauzaji kumjua mnunuzi. Yeyote aliyewahi kutafuta ploti Wakiso anaelewa bila kufundishwa: ukishuka kwenye gari zuri tu, dalali anaongeza milioni. Na kweli, gazeti la Orlando lilipomtaja Disney Oktoba 1965, bei ya ardhi ya maeneo yale ikaruka.

Kuna masharti mawili yanayowaumiza wateja wetu. La kwanza, nyuma ya pazia hakuna kupiga picha. Kama furaha yako ya safari ni kurusha picha WhatsApp kila baada ya dakika kumi, utateseka. La pili ni umri: chini ya miaka 16 haingii, hata akiwa na mzazi.

Hilo la pili tulijifunza kwa aibu. Mama mmoja mwenye duka la vitenge Kikuubo alitulipa nafasi mbili, yake na ya mwanawe. Kijana mrefu, sauti imeshakuwa nzito, na sisi hatukuuliza. Alikuwa na miaka 14. Asubuhi ya ziara pasipoti ilisema ukweli, na mama hakuwa mtu wa kumwacha mtoto peke yake ugenini. Wakarudi kwenye bembea wote wawili. Kosa lilikuwa letu, fedha tulimrudishia kutoka mfukoni mwetu, na hadi leo anaponiona hunisalimia, "Mheshimiwa wa miaka 16!"

Mwenye watoto wadogo huwa namwelekeza Entebbe. Kituo cha elimu ya wanyamapori pale ufukweni, kilichoanza 1952 kwa kulea wanyama yatima, nacho kina ziara ya nyuma ya pazia, unawakaribia wanyama na wanaowatunza. Si Disney, lakini unarudi nyumbani jioni ile ile, na huhitaji viza.

Kwa wanaotaka Florida, utaratibu wetu ni viza kwanza. Isipotoka, hatupokei hata shilingi ya ziara. Beba viatu vilivyozoea mguu, maana joto la Julai kule ni kali na mchana mvua ya radi haibishi hodi. Ofisini njoo na pasipoti za wote mnaosafiri, si nakala za kwenye simu. Siku hizi nafungua ukurasa wa tarehe ya kuzaliwa kabla sijakukaribisha chai, na ikiwa kijana amebakiza mwezi mmoja kufika 16, tutasubiri huo mwezi.