Ramani za papa potwe zitaje kipimo

Mhariri,

Baadhi ya ramani za wanyama wa baharini huigawa bahari katika miraba ya digrii moja, ambayo karibu na ikweta ina upana wa kilomita 111 hivi, ilhali kisiwa kizima cha Mafia kina urefu wa takriban kilomita 50. Katika mraba kama huo, papa potwe wanaokusanyika mbele ya Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi wakifuata uduvi, huonekana kana kwamba wametapakaa hadi delta ya Rufiji. Miraba midogo mno nayo, pale data zilipo chache, huonyesha zaidi mahali boti za watalii zinapopita. Ramani inayotumika kupanga mipaka ya uvuvi wa nyavu itaje kipimo chake, yaani ukubwa wa miraba yake, na ijaribiwe kwa vipimo zaidi ya kimoja.

Msomaji wako,
Dar es Salaam