Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayepiga picha Charleston, South Carolina, Marekani

Mdogo wangu,

Picha zako za Rainbow Row, ile safu ya nyumba za rangi, ni nzuri, na sikusifii ili kukulainisha. Nyumba zile 13 za mtaa wa East Bay zinatazama mashariki, nawe ulizipiga asubuhi jua likiwa bado chini. Wengi huenda alasiri, wakazikuta kivulini zimefubaa, kisha wanakoleza rangi kwenye kompyuta mpaka kuta zinafanana na peremende. Mkono unao. Ndiyo maana jibu ulilompa shangazi pale ukumbini, ulipotuonyesha picha hizo, limenikaa kooni hadi leo.

Aliuliza, "Na wapishi wa nyumba hizi walikuwa wanalala wapi?" Ukamjibu mbele ya wazee, "Hayo hayauzi, shangazi." Ukaleta picha inayofuata.

Tumelelewa Unguja wewe na mimi. Milango ya Mji Mkongwe inapigwa picha kila siku, na Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa ni mwendo mfupi tu. Swali lile la watumwa ulipaswa kulijua kabla hujaulizwa.

Tena hizo rangi unazouza kama historia ni za juzi. Dorothy Legge alianza kwa kupaka nyumba yake ya pale rangi ya waridi mwaka 1931, mwaka ule ule mji ulipopitisha sheria ya kulinda mtaa wa kale. Mwaka huo ndipo alipofariki Edwin Harleston, mchoraji mweusi mzaliwa wa pale. Mkewe Elise alikuwa mpiga picha, na mwaka 1922 walifungua studio yao Calhoun Street. Weusi wenzao walikaa mbele yao kwa heshima zao. Kalenda hazikuwachukua hao. Zilichukua ukungu wa mashamba ya mpunga aliouchora mzungu Alice Ravenel Huger Smith, ambamo watumwa wanafanya kazi bila dhiki yoyote usoni. Mwaka 1985 ikaja tamthilia ya televisheni ya North and South, iliyopigwa kwa sehemu kwenye shamba la Boone Hall, na watu wakabaki na mialoni na magauni. Kando ya mialoni ile vipo vibanda tisa vya matofali vya watumwa. Kamera ikigeuzwa kidogo tu, vinaingia.

Basi geuza. Nenda nyumba ya kale ya Aiken-Rhett, Elizabeth Street 48. Simama mwisho wa ua ukiitazama nyumba kubwa, lenzi ya milimita 24, kamera usawa wa macho. Ukiielekeza juu, kuta zitalala. Jiko liko upande mmoja, na juu yake vyumba walimolala watumwa; zizi liko upande wa pili. Fremu moja inamjibu shangazi. Ndani kuna giza: pandisha ISO, usiwashe flashi, itafuta mikwaruzo ya ukuta.

Halafu tafuta matofali. Mengi mjini humo yana alama za vidole vya watumwa walioyafyatua, na baadhi ni vya watoto. Ngoja jua lipite ubavuni mwa ukuta. Likiupiga usoni, vishimo vinakosa kivuli na alama hazionekani kabisa.

Wanaosema nilikuaibisha kwa kutokupigia makofi, waseme. Waliopiga makofi hawakukusaidia chochote. Angalau mimi nimekwambia, na ningekwambia faraghani kama ungepokea simu. Namba yangu ni ile ile. Usiku wa kwenu ni alfajiri ya huku, nakuwa nimeshaamka.