Habari ya Paul Williams mmeiacha njiani

Mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya maakitekti wa Marekani, nimefurahi sana kumuona Paul Revere Williams wa Los Angeles, ila kuna sehemu imeniuma ndo maana naandika. Mmesema alikuwa anaweza kuchora ramani ya nyumba kichwa chini miguu juu, mteja aliyekaa ng'ambo ya meza anaiona imekaa sawa, mkaishia hapo, kama vile kiini macho cha kuchangamsha wageni.

Jamani, yule baba alikuwa anatafuta riziki yake. Alikuwa mweusi, wateja wengi wazungu, na alijua wapo ambao hawatatulia akikaa nao bega kwa bega, kwa hiyo akajifundisha kuchora kinyumenyume ili meza ibaki katikati. Hata akienda saiti mikono anaifunga nyuma ya mgongo, ili asiyetaka kumshika mkono asipate kisingizio cha kuondoka. Juzi nimejaribu mwenyewe, nimeweka karatasi nimchoree mwanangu aliyekaa mbele yangu chumba kimoja tu na mlango, mlango ukafungukia ukutani, mkono haukutii kabisa! Yeye alikuwa anachora nyumba nzima huku mteja anamsemesha.

Na huyu alikuwa yatima tangu ana miaka 4, shuleni mwalimu akamwambia achague kitu kingine maana weusi hawana hela ya kujengewa na wazungu hawatampa kazi. Leseni akapata 1921, 1923 akawa mweusi wa kwanza kuingia AIA, chama cha maakitekti wa Marekani. Hata Frank Sinatra, yule mwimbaji maarufu, alichorewa nyumba na Williams, lakini mwaka 1937 alishaandika mwenyewe kwamba anachora majumba kwenye mitaa ambayo hela ya kuishi huko anayo, kinachomzuia ni rangi.

Halafu ile hospitali ya watoto ya St. Jude iliyofunguliwa 1962, iko Memphis, kule kule walikotoka wazazi wake, ramani yake aliichora bure, na watoto wakawa wanatibiwa bila kuangaliwa rangi wala mfuko wa mzazi. Medali ya dhahabu ya AIA wakampa 2017, yeye alishafariki tangu 1980.

Naomba mkimwandika tena, muweke na sababu ya ile meza.

Ni mimi msomaji wenu