Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Matendo ya Huruma cha Parokia, Mwaka 2025

Baba Paroko, watawa, viongozi wa vigango na ninyi wanachama wenzangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka 2025 umekuwa mzito kwa kila anayefanya kazi ya huduma na maendeleo ndani ya Kanisa. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, kwanza kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeacha rasmi kusimamia misaada hiyo. Mwezi Februari Uingereza nayo ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Wapo kati yetu waliodhani kuwa hayo ni mambo ya serikali kwa serikali na hayatatufikia vigangoni. Yametufikia, kwa sababu hata Catholic Relief Services, shirika lililoanzishwa na maaskofu wa Marekani mwaka 1943, lilikuwa likipata karibu nusu ya bajeti yake kutoka serikali hiyo. Caritas Internationalis, muungano wa mashirika ya misaada ya Kanisa Katoliki duniani, ilipaza sauti mapema kupinga namna ufungaji wa USAID ulivyofanyika, nami naiunga mkono kwa moyo wote: mgonjwa aliye katikati ya dozi na mkulima aliyekwisha kulima akisubiri mbegu hawana namna ya kungoja siku 90.

Hapa kwetu mafunzo ya kilimo katika vigango viwili yalikatika katikati ya msimu. Wawezeshaji walikuja kuaga kwa heshima, na nawashukuru. Nawashukuru zaidi wanachama waliolichukua shamba darasa la mtama na kulipalilia kwa zamu hadi likavunwa.

Kilichonipa matumaini ni kwamba vikundi vyetu vya kuweka na kukopa havikutikisika hata kidogo. Sababu iko wazi: fedha zilizomo ni za wanachama wenyewe, na kilichotoka kwa wafadhili miaka ile ya mwanzo kilikuwa mafunzo tu. Kwa wale ambao hamjahudhuria, sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zake huwekwa na watu watatu tofauti ambao hakuna hata mmoja anayelala nyumba moja na sanduku. Hisa hununuliwa mbele ya wote, mikopo hutolewa mbele ya wote, na mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, huhesabiwa peke yake na hautozwi riba. Kabla ya kufunga kikao kila mtu hukariri salio, ili wiki inayofuata yeyote aweze kuulizwa. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, mama mmoja asiyejua kusoma alilitaja salio la mifuko yote miwili, wa mikopo na wa jamii, hadi shilingi mia ya mwisho, kabla katibu hajafungua daftari, na daftari lilipofunguliwa likamkuta yuko sahihi. Mwizi wa fedha za kikundi cha namna hiyo atapata kazi kubwa.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa hoja iliyotugawa katika kikao cha Agosti. Baadhi ya wanachama walipendekeza kwamba, kwa kuwa fedha za nje zimepungua, mchango wote wa Kwaresima uingizwe kwenye vikundi kama mtaji, na tuache kutoa unga, mafuta ya taa na gharama za matibabu kwa kaya za wazee, kwa maelezo kwamba sadaka inalemaza. Hoja hiyo ina uzito na sitaki idharauliwe. Papa Paulo VI alifundisha mwaka 1967 kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu katika utu wake wote na ya kila mtu, na Mwalimu Nyerere, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, aliwaeleza kwamba Kanisa lisilosimama kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litapoteza maana kwa watu hao. Msaada unaomwacha mtu palepale kila mwaka lazima uhojiwe.

Hata hivyo, nawasihi msiikubali hoja hiyo. Hisa moja ni fedha ndogo, lakini bibi anayelea wajukuu wanne na mzee aliyepooza upande mmoja hawana hata hiyo, na hakuna mafunzo yatakayowapa nguvu za kulima. Tukisema kila shilingi iende kwa anayeweza kuizalisha, tutakuwa tumewachagua maskini wenye nafuu na kuwaacha walio chini kabisa. Wosia wa kitume wa Baba Mtakatifu Leo XIV juu ya upendo kwa maskini, uliotolewa tarehe 9 Oktoba mwaka huu, unalisema jambo hili bila kuzunguka: kumsaidia mtu apate kazi ni bora zaidi, lakini pale ambapo hilo haliwezekani hatuna ruhusa ya kumwacha bila mahitaji ya lazima, na kwa hiyo sadaka inabaki kuwa ya lazima. Papa Benedikto XVI naye alikwisha kutukumbusha mwaka 2005 kwamba upendo hutolewa bure, si chambo cha kuvutia watu katika dini, ndiyo maana orodha yetu ya kaya ina majirani zetu Waislamu na itaendelea kuwa nao.

Kamati inapendekeza kwamba nusu ya mchango wa Kwaresima iwe fungu lisiloguswa kwa ajili ya kaya hizo, na kwamba matumizi yake ya kwanza yawe kulipia CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo mwaka huu wa 2025 kwa shilingi 30,000 ilikuwa ikikatia bima kwa mwaka mzima kaya ya watu wasiozidi 6. Inapendekeza pia kwamba wawili kati ya wanaosaidiwa waingie katika kamati wakiwa na kura kamili, maana mara nyingi tumejadili njaa ya mtu ambaye hatukumwita kikaoni.

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 18 Februari 2026; naomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wachukue bahasha leo, kabla ya kuondoka, na mapendekezo haya mawili yapigiwe kura kabla ya chakula cha mchana.