Barua kwa Baba, baada ya safari ya St. Louis

Chicago, Jumapili usiku

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, najua ndiye anayekusomea. Mimi ni mzima, kazi zinaendelea. Nimeandika kwa mkono kisha nikapiga picha kila ukurasa, ili Mama akusomee polepole kutoka kwenye simu yake. Naomba Gidioni asiwepo mnaposoma, kwa sababu naanza na yeye.

Ile picha niliyoweka kwenye grupu la familia ilikuwa moja tu. Nimesimama mbele ya jukwaa kubwa, nimevaa kitenge alichonishonea Mama. Gidioni akaandika mbele ya shangazi zote kwamba hela ya starehe ipo, ya bati haipo. Mama mdogo akacheka. Wengine wakanyamaza. Na wewe, Baba, ulisoma, maana alama ilionyesha umesoma, ukanyamaza pia. Maneno ya Gidioni nimeyazoea tangu utotoni. Ukimya wako sijauzoea.

Hela ya bati nilituma tarehe 3 kwa jina la Mama, na Gidioni mwenyewe ndiye aliyekwenda kuitoa. Tulikubaliana geji 28. Mama ananiambia zilizokuja ni geji 30, nyembamba, na ukibonyeza kwa kidole zinabonyea. Tofauti ya bei imekwenda wapi, hilo aulizwe yeye na si mimi. Leo nimetuma tena ya misumari na ya fundi. Safari hii Mama akaitoe mwenyewe, afuatane na mama mchungaji.

Na kiti nilichokalia kwenye mchezo ule wa jukwaani, kule mji wa St. Louis, kilikuwa cha bure. Bure kabisa. Nilichogharamia ni treni, na hela ya treni niliipata kwa kufanya zamu mbili za ziada.

Sasa nikwambie jambo jema. Nimefaulu mtihani wa leseni. Tangu mwezi wa tano mimi si msaidizi tena, ni nesi kamili. Nagawa dawa, nasaini, daktari akitaka kujua mgonjwa amelalaje ananiuliza mimi. Tulikuwa watatu kutoka darasa letu siku ile ya mtihani, nikapita mara ya kwanza. Beji ninayovaa kifuani ina jina langu dogo, na baada yake jina lako, herufi kubwa. Mzungu akiniita asubuhi, analiita jina lako. Nilitaka hilo ulisikie kabla ya mengine.

Na ni kazini huko safari ilikoanzia. Yupo bibi mmoja ninayemhudumia, Myahudi, amepita miaka 90. Usiku akikosa usingizi huimba kwa sauti ya chini, wimbo uleule. Nikamuuliza ni wimbo wa kanisani kwao? Akatabasamu, akasema ni wa mchezo wa jukwaani, Fiddler on the Roof, yaani mpiga fidla juu ya paa. Aliuona New York na marehemu mume wake mwaka uleule ulipoanza, 1964, na mwigizaji mkuu alikuwa Zero Mostel. Akanisimulia nusu, akachoka. Usiku uliofuata akanisimulia nusu nyingine. Unahusu baba mmoja muuza maziwa, anaitwa Tevye, na binti zake watano, katika kijiji cha Wayahudi kwenye himaya ya Urusi, mwaka 1905. Baba, aliposema muuza maziwa nilikaa chini kwenye kiti cha wageni.

Miezi michache baadaye nikasikia kwamba mchezo huo unarudishwa jukwaani St. Louis kiangazi hiki. Nikamwambia. Akaniambia: nenda, uone kwa macho yangu, kisha urudi unisimulie. Mtu mzima akikutuma, unakwenda. Ndivyo ulivyotulea.

Watu wakisikia michezo ya nyimbo ya Marekani hufikiria New York tu. Lakini kila upande wa nchi hii una majukwaa yake, na michezo ya zamani hurudishwa huko kwa waigizaji wapya, kama kwaya yetu inavyorudia nyimbo za akina babu, kila kizazi kwa sauti yake. Huko St. Louis ukumbi wao unaitwa The Muny. Hauna paa, uko wazi chini ya mbingu, ndani ya bustani ya Forest Park ambayo ni kubwa kuliko ile maarufu ya New York. Misimu yao ya kiangazi hapo ilianza mwaka 1919, na ukumbi unachukua watu wapatao 11,000. Katika hao, viti karibu 1,500 vya nyuma kabisa ni vya bure kila usiku. Hakuna tiketi wala kuulizwa wewe ni nani. Anayewahi foleni ndiye anayekaa. Nimeishi hapa miaka saba, na ni mara chache nimeona kitu kizuri kama hicho kikiachwa wazi kwa kila mtu.

Nilitoka zamu Ijumaa ya wiki iliyopita asubuhi nikaenda moja kwa moja stesheni. Ni kama saa tano za treni. Nililala hadi Bloomington, na nilipoamka ilikuwa mahindi na soya, mahindi na soya, tambarare hadi macho yanapokoma. Sikuona mtu hata mmoja shambani, Baba. Shamba la ukubwa wa tarafa nzima, na hakuna mtu aliyeinama humo. Nikakumbuka palizi yetu, sisi wote mstari mmoja, Neema mdogo kuliko wote akiwa mbele kwa sababu alikuwa na haraka ya kumaliza. Tukapita Springfield alikozikwa Rais Lincoln, kisha tukavuka Mississippi. Ni mto mpana, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo yake limesimama tao la chuma la mita 192, linang'aa kama sufuria mpya.

Foleni ya viti vya bure niliingia saa kumi na moja jioni. Joto la huko linanata mwilini. Mbele yangu alikuwa mama mmoja Mbosnia na mjukuu wake. Mji ule ulipokea wakimbizi wengi sana wa Bosnia miaka ya tisini. Alinipa nusu ya mkate wake. Saa moja wakafungua geti, watu wakatembea haraka bila kusukumana, nikapata kiti. Mbali, ndiyo, lakini jukwaa naliona lote na sauti inafika. Kabla ya kuanza, okestra ilipiga wimbo wa taifa lao na umati wote ukasimama kuimba. Nikasimama nao. Lakini ndani niliimba wetu.

Baba, yule Tevye anatoka akivuta mkokoteni wa maziwa mwenyewe kwa sababu farasi wake anachechemea. Na huku anavuta, anaongea na Mungu. Hapigi magoti kwanza, anaongea naye kama jirani wa ng'ambo ya uzio: kwa nini umenipa umaskini, ungepungukiwa na nini ningekuwa tajiri kidogo? Nilikuona wewe na baiskeli na zile keni mbili, unapanda kilima saa kumi na moja alfajiri, unaongea peke yako. Tulidhani unahesabu wadaiwa. Siku moja nilikufuata kimya hadi kwenye daraja nikasikia ulikuwa unatutaja kwa majina, mmoja mmoja, unamwambia Yeye. Sijawahi kukwambia kwamba nilisikia.

Mchezo unaanza saa mbili na robo, mchana bado haujaisha. Wanapofika mahali pa kukaribisha Sabato, mama wa nyumba anawasha mishumaa, na nyuma yake nyumba zote za kijiji zinawasha yao, na baba na mama wanawaombea binti zao. Pale jua lilikuwa limetoka tu kuzama kweli, na ilikuwa Ijumaa kweli. Mbingu ya zambarau juu, mishumaa chini. Watu maelfu, hakuna aliyekohoa. Mbosnia akanishika mkono bila kuniangalia.

Harusi ya binti wa kwanza nayo ni ya kumsimulia Babu. Wanaume wanacheza huku chupa zimesimama juu ya kofia zao, wanapiga magoti, wanateleza mbele kwa goti moja moja, na chupa hazianguki. Umati ulishusha pumzi kwa pamoja walipomaliza. Wachezaji wakuu wanatoka mbali, lakini wapo pia watoto wa mji huohuo, wanaoimba kana kwamba wamezaliwa kijijini kule. Ni kazi kubwa. Nimependa kila dakika na sioni aibu kusema nimependa.

Lakini sikuandika barua ndefu hivi kwa ajili ya chupa.

Binti wa kwanza anataka fundi cherehani maskini, wakati baba ameshamwahidi mchinjaji tajiri. Tevye anafikiri: upande huu ni hivi, upande ule ni vile. Anakubali. Wa pili anapenda mwanaharakati asiye na kitu, anaondoka kumfuata Siberia, anaagana na baba yake stesheni ya treni kwenye baridi, wawili peke yao. Hapo sikuona vizuri jukwaa kwa muda. Nilikumbuka stendi, wewe umeshika begi langu hata basi lilipoanza kuondoka, ukatembea nalo dirishani.

Wa tatu, Chava, anaolewa na kijana wa dini nyingine. Kwa siri. Na hapo Tevye anajaribu tena kufikiri upande huu na upande ule, na anagundua kwamba safari hii hakuna upande mwingine. Anasema Chava amekufa kwao. Binti anamfuata njiani, anamwomba, na yeye anavuta mkokoteni wake anaondoka.

Baba, nitasema jina lake sasa, maana nyumbani halitajwi. Neema. Simtetei kwa ndoa ile ya bomani. Nilikwambia wakati ule na narudia, walipaswa kuja kwako kwanza, hata kama ungewafukuza. Na najua wewe ni mzee wa kanisa, na najua waliyokusema nje ya kanisa Jumapili ile. Sikuwa na neno zuri la kukupa wakati ule, nikawa natuma hela badala ya neno.

Mwisho wa mchezo, amri ya serikali inakuja: Wayahudi wote watoke kijijini, ndani ya siku tatu. Wanauza kwa hasara, wanafunga vyombo. Mchinjaji anasema anakwenda Chicago. Kusikia jina la mji ninaoishi mimi likitajwa kama mwisho wa dunia, mahali ambapo mtu akienda hamtaonana tena, kulinigusa pabaya. Na katikati ya kufunga mizigo, Chava anakuja na mume wake kuaga. Tevye hageuki. Anaendelea kufunga kamba. Binti anaanza kuondoka. Ndipo Tevye, mgongo umewageukia, anamnong'oneza yule binti mkubwa, Tzeitel: Mungu awe nanyi. Na Tzeitel analipokea lile neno na kulipaaza kwa dada yake, ng'ambo ya uwanja.

Ni hilo tu. Hakumwangalia, hakusema amesamehe. Jukwaa lile linazunguka, wakaanza kutembea na mikokoteni yao na hawafiki popote, mpaka taa zikapungua. Mbosnia alikuwa analia na mjukuu wake akimuuliza, bibi, ni nini? Hakumjibu.

Usiku huo nililala kwa dada mmoja tuliyekuwa tukisali naye hapa, Jumamosi nikarudi. Jumatatu zamuni, bibi yangu alikuwa macho akinisubiri. Nilidhani ataniuliza nyimbo au mavazi. Swali lake la kwanza lilikuwa: yule baba, aligeuka? Miaka yote hiyo tangu 1964, bado alikuwa anatumaini kwamba huenda safari hii amegeuka. Nikamwambia hapana, lakini alisema neno. Akaitikia kwa kichwa, akaniomba nimfunike.

Mimi ndiye mkubwa, Baba. Neno ukilitoa, nitalipeleka mimi, na kama si mimi basi Mama. Neema anakuja Jumamosi hii kumleta mtoto kwa Mama. Mtoto ameanza kukaa, na wanasema paji la uso ni lako, hata mimi nimeliona pichani. Najua kila akija wewe huenda zizini na hurudi hadi usikie geti limefungwa. Nenda zizini. Sikuombi umwangalie. Ila utakapokuwa huko unakamua, chukua ile keni ndogo ya zamani, ijaze, umpe Mama amkabidhi Neema aondoke nayo.

Binti yako,
Upendo